Hivi vitenzi "vya kawaida" vya Kijerumani ni vya kawaida kwa nani?

#1 Kijana wa Mbagala
Wakuu habari za muda huu. Naenda moja kwa moja kwenye mada.

Nasoma Kijerumani A1 (ngazi ya kwanza kabisa), mtihani uko karibu. Mwalimu wetu siku ya kwanza alituambia vitenzi vya kawaida havina shida, unakata -en ya mwisho, unabaki na shina, unabandika miisho yako basi, ukijua kimoja umejua vyote. Tukaanza na machen (kufanya): ich mache (mimi), du machst (wewe), er macht (yeye), wir machen (sisi), ihr macht (nyinyi), sie machen (wao). Mteremko. Lernen mteremko, wohnen mteremko. Af ikaja arbeiten (kufanya kazi), eti "du arbeitest", hiyo e ya katikati imetoka wapi? Ikaja tanzen (kucheza muziki), "du tanzt", s imekwenda wapi? Ikaja öffnen (kufungua), "du öffnest", wakati lernen (kujifunza) ni "du lernst" na zote mbili shina linaishia na n!! Kufunga kazi ikaja sammeln (kukusanya), "ich sammle", hapo sasa hata shina lenyewe limeng'atwa.

Na vyote hivyo kitabu kimeviweka kwenye orodha ya vya kawaida. Nikiuliza darasani naambiwa ni hivyo tu, kariri. Mi kukariri kitu bila kujua sababu siwezi, kinatoka usiku huo huo. Hii ina kanuni au ni ubabe tu?

#2 Chumvi Nyingi
Nimekaa paleee na karanga zangu, wataalamu waje.

#3 Fundi Geji
Hakuna ubabe mkuu, ni ulimi tu. Jaribu kutamka "du arbeitst" haraka haraka mara tatu uone. Na "er arbeitt" ndo kabisa, nani atasikia hiyo t ya pili? Kwa hiyo shina likiishia na t au d wanachomeka e kwenye du, er na ihr: du wartest, er wartet, ihr wartet, du redest, er redet, ihr redet. Wir na sie hazina haja kwa sababu -en inakuja na e yake.

Tanzen ni mambo ya kinyume. Z ya Kijerumani inasomeka "ts", yani s imo humo ndani tayari, sasa -st ya du ikifika s yake inamezwa, inabaki t. Ndo maana du heißt, du reist, du putzt, du mixt. Matokeo yake du, er na ihr zinakuwa mapacha: du tanzt, er tanzt, ihr tanzt.

#4 Dadake Rama
Asante Fundi, hapo kwa putzen umenifumbua macho. Ila swali la öffnen na lernen umelikwepa kijanja, tumekuona.

#5 Mwl_Mstaafu
Vijana hamjambo. Fundi Geji yuko sahihi ila hajamaliza.

Shina likiishia na m au n, angalia herufi iliyo kabla yake. Öffn-, rechn-, zeichn-, regn-, atm-, hapo n au m imebanwa na konsonanti nyingine ngumu, ndipo e inaingia: du öffnest, er rechnet, es regnet, du atmest. Lakini kabla yake ikiwa r au l, sauti inapita laini, e haihitajiki: du lernst, du warnst, du filmst. Wohnen pia haihitaji, kwa sababu h ile haitamkwi, ipo tu kurefusha irabu. Na ukiona nn au mm ujue hiyo ni sauti moja iliyoandikwa mara mbili, basi du rennst, du kommst.

Na mnaolalamika sana niwaulize, kwa nini tunasema "ninasoma" lakini "ninakula" na siyo "ninala"? Ile ku imebaki pale kwa sababu shina -l- peke yake ni jepesi mno. Mgeni akikuuliza sababu utamwambia nini? Utamwambia akariri.

#6 Kijana wa Mbagala
Shikamoo mwalimu. Hiyo ya r na l ndo nilikuwa naitafuta wiki nzima. Kwa hiyo filmen bila e na atmen na e, wakati zote zinaishia m. Naanza kuona mwanga.

#7 Nyali_Flani
Mwalimu marahaba yako iko wapi, kijana keshakuamkia 😂

Mimi nilisoma Kijerumani sekondari hapa Mombasa mpaka nikakifanyia KCSE. Mwalimu wetu hakueleza chochote cha ulimi, alitusimamisha tukaimba "e, st, t, en, t, en" huku tukipiga meza, kila asubuhi kabla ya kukaa. Wallahi mpaka leo nikisikia mtu anagonga mlango mara sita naona ich du er wir ihr sie. Kuelewa baadaye kaka, kwanza iingie mwilini.

#8 Mwl_Mstaafu
Marahaba, marahaba. Macho ya uzee haya, nilipitiliza.

#9 MsomiKivuli
Samahani naharibu sherehe kidogo. Hoja ya ulimi ni nusu ya ukweli. Kama ulimi wa Mjerumani hauwezi kutamka t ikifuatwa na st, mbona halten ni "du hältst"? Treten ni "du trittst". Laden ni "du lädst". Hapo t au d inafuatwa na st na hakuna e hata ya dawa, na Wajerumani wanatamka kila siku wala hakuna aliyelazwa.

Ninavyoelewa mimi tuanzie upande wa pili. Siyo kwamba e inaongezwa kwenye arbeiten. Zamani e ilikuwepo kwa wote, "du machest", "er machet". Chukua Biblia ya Luther ya zamani, Mathayo 5:44, utakuta "Liebet eure Feinde" (wapendeni adui zenu). Leo mtu anaandika "liebt". Hata "du tanzest" na "du reisest" utazikuta kwenye vitabu vya kale. Yani e imekuwa ikidondoka karne kwa karne, kwenye arbeiten na öffnen ndo ikagoma kudondoka. Swali la mleta mada lingekuwa e ya machst imekwenda wapi, siyo ya arbeitest imetoka wapi.

#10 Fundi Geji
Msomi nakuheshimu ila halten, treten na laden siyo vya kawaida, vinabadilisha irabu (a kuwa ä, e kuwa i). Uzi unahusu vya kawaida. Umeleta shahidi wa kesi nyingine.

Af ukisema e ilidondoka kwingine ikagoma kwenye t na d, iligoma kwa nini? Kwa sababu ya ulimi! Umezunguka Chalinze umerudi pale pale kwangu.

#11 MsomiKivuli
Ulimi haujui kitenzi hiki cha kawaida na hiki siyo. Ukiweza "hältst" unaweza "arbeitst". Kwa hiyo kuna kitu kingine hapo zaidi ya ulimi.

#12 Fundi Geji
Kitu gani sasa? Kitaje.

#13 Mgeni wa Njia
Nadhani mi nakiona. Kwenye hältst irabu imeshabadilika, sikio linajua tayari huyu ni du au er. Kwenye arbeiten irabu haibadiliki, usipoweka e hamna kitu cha kutofautisha. Si mtaalamu, nimepita tu.

#14 MsomiKivuli
Hiyo ina akili. Ila ndo hivyo, "du schläfst" irabu imebadilika na bado -st ipo na "du machst" irabu haijabadilika na hamna e. Sikio peke yake halimalizi kesi.

#15 Pwani Mchuuzi
Nyie wote mnajisumbua. Mimi niko Nungwi, nauza vinyago na tingatinga ufukweni, Wajerumani ndo wateja wangu wakubwa. Nasema "du kaufen? du kommen, schauen, gut Preis". Sijawahi kubandika mwisho wowote na wananunua, wengine wanacheka wananiongezea. Lugha ni biashara, hayo ya e na st waachieni wenyewe.

#16 Dadake Rama
Mtihani haununui vinyago kaka 🤣

#17 Nyali_Flani
Lakini tusimcheke sana. Angeondoa tu hiyo du akaweka Sie mwishoni, "Kaufen Sie?", angekuwa amesema Kijerumani safi cha heshima. Maana Sie ya heshima inachukua umbo lile lile la -en, wir machen, sie machen, Sie machen. Jamaa miaka yote yuko hatua moja na usahihi hajui.

#18 Pwani Mchuuzi
Kaufen Sie. Kesho naijaribu, ikileta hela nawarushia soda.

#19 Kaskazini1
Mleta mada kwa A1 usiumize kichwa. Mimi nimeufanya ule mtihani Dar. Kwenye kuongea, sehemu ya kwanza unajitambulisha, jina, umri, nchi, unapoishi, lugha, kazi, unachopenda, hapo yote ni ich: ich heiße, ich komme, ich wohne, ich arbeite. Watakuomba utaje herufi za jina au namba ya simu. Sehemu ya pili unachota kadi yenye neno unamuuliza mwenzako. Ya tatu kadi ya picha unaomba kitu, picha ya dirisha, "Öffnen Sie bitte das Fenster". Ona, öffnen hiyo hapo, na imekuja na Sie kwa hiyo haina ujanja wowote. Ukiwa na ich na Sie mkononi unaongea vizuri tu, ukikusanya 60 kwenye 100 umepita. Hiyo du öffnest inaweza isitokee kabisa.

#20 Dadake Rama
Hapana Kaskazini, huo ushauri ni wa kupita mtihani siyo wa kuishi. Mimi niko huku kwa Wajerumani kama au pair, nakaa na familia nalea watoto. Nyumba ina watoto watatu, unadhani nawaambia Sie? Mmoja naongea naye kwa du, wakiwa wote watatu ni ihr asubuhi mpaka jioni, "was macht ihr?", "wartet!", "ihr putzt jetzt die Zähne". Darasani tulikuwa tunairuka ihr tukisema haitumiki. Hapa ihr ndo mkate wangu.

Halafu hiyo sammeln anayoilalamikia mleta mada, kazi za nyumbani zimejaa ndugu zake. Ich bügle, ich wickle das Baby, ich bastle mit den Kindern. Zote za -eln, na zote kwenye ich e ya katikati inatoka. Ila za -ern inabaki, ich füttere, ich ändere, ingawa baba mwenye nyumba akiwa na haraka nasikia "ich ändre das". Na kwenye wir zote zinachukua n tu siyo en: wir bügeln, wir füttern.

#21 Kijana wa Mbagala
Dada hii ya -eln na -ern ni dhahabu. Kwa hiyo kanuni ni kwamba hawataki e mbili zikae jirani?

#22 Mwl_Mstaafu
Ni e mbili dhaifu, zisizo na mkazo, zikitenganishwa na l. "Ich sammele" inaruhusiwa pia, utaikuta imeandikwa, ila wengi wanaifupisha.

#23 Chumvi Nyingi
Mi nina swali la kijinga. Sisi tunaweka nafsi mbele, nina-soma, una-soma, tumemaliza. Wao wanaweka nyuma ya kitenzi NA wanaweka tena ich na du mbele. Nafsi mara mbili ya nini? Ubadhirifu huu.

#24 Fundi Geji
Siyo la kijinga. Ukisikia "macht" peke yake ni nani? Inaweza kuwa er, sie wa kike, es au ihr. "Machen" je? Wir, wao, au Sie ya heshima. Miisho yao haitoshi kumtambua mtu ndo maana hawathubutu kuacha nafsi. Sisi "tunasoma" haiwezi kuwa mtu mwingine.

#25 Nyali_Flani
Lakini "anasoma" haikwambii kama ni mwanamume au mwanamke, wao wana er na sie. Kila mtu ana pengo lake.

Na kuna raha moja mnaisahau. Kukanusha kwao kitenzi hakiguswi. Ich lerne, ich lerne nicht. Sisi tunavunja nyumba nzima: ninasoma, sisomi, anasoma, hasomi, nilisoma, sikusoma. Mjerumani anayejifunza Kiswahili akifika hapo ndo anaanza kuuliza bei ya tiketi ya kurudi.

#26 Mwl_Mstaafu
Na kabla hajazoea hiyo i ya "sisomi" unamwambia "sifikiri" na "sisamehe" haibadiliki kwa sababu asili yake ni Kiarabu. Yeye naye atafungua uzi.

#27 Mgeni wa Njia
Wapo waliovumilia. Krapf alikuwa Mjerumani, alifika Mombasa 1844, na 1850 tayari alikuwa amechapisha kitabu cha sarufi ya Kiswahili huko Tübingen. Hapo hana simu.

#28 Kaskazini1
Alikuwa hana mtihani pia.

#29 Sista_wa_Bayern
Habari zenu jamani, nimeuona uzi nikiwa kwenye mapumziko ya zamu. Niko Bayern, kusini mwa Ujerumani, muuguzi. Wote mmekaa kwenye wakati uliopo, subirini mfike uliopita ndo mtavipenda vitenzi vya kawaida kwa moyo wote. Unaweka -te basi: machte, machtest, machte, machten, machtet, machten. Zingatia ich na er zinafanana, hakuna t ya mwisho kwenye er. Za t na d zinachukua e yake kama kawaida, arbeitete, wartete, ukiitamka unajiona una kigugumizi.

Mimi hizo naziandika zaidi ya kuzisema. Mwisho wa zamu naandika ripoti ya mgonjwa, "klagte über Schmerzen" (alilalamikia maumivu), "verweigerte das Abendessen" (alikataa chakula cha jioni). Lakini nikimsimulia mwenzangu mdomoni yule yule mgonjwa ni "sie hat geklagt", "sie hat das Abendessen verweigert". Huku kusini mdomoni uliopita wa namna hiyo huusikii sana ukiacha war (alikuwa) na hatte (alikuwa na). Kwa hiyo kuna Kijerumani cha kalamu na cha korido.

Angalizo kwenye hat: ge- inawekwa mbele na t nyuma, gemacht, gearbeitet. Ila za be-, ver-, er- hazichukui ge-: besucht, verkauft, erzählt. Na za -ieren pia hazichukui: studiert, telefoniert, operiert. Nikifundisha wageni wanaokuja kila mtu anaanza na "gestudiert". Na zile zinazokatika kipande cha mbele (einkaufen, ich kaufe ein), ge- inaingia tumboni: eingekauft, aufgemacht.

#30 Kijana wa Mbagala
Sista ubarikiwe, nimekopi yote kwenye daftari. Sasa hiyo -te nayo ilitoka wapi? Au nayo ni ulimi?

#31 Fundi Geji
Nilisoma mahali kwamba ni kitenzi tun, yani kufanya, ambacho uliopita wake ni tat. Watu walikuwa wanasema kitu kama "penda-alifanya", kikaganda nyuma ya kitenzi ikawa -te. Ina mantiki, sisi wenyewe hiyo -me- ya "amefika" wanasema ilikuwa kitenzi cha kumaliza.

#32 MsomiKivuli
Ni nadharia ya zamani na ina wafuasi wengi, lakini wataalamu hawajawahi kukubaliana. Wengine wanasema inatokana na ile t ya gemacht, siyo tun. Usiandike kama ukweli uliothibitishwa.

Kinachojulikana ni jina. Jacob Grimm, yule yule wa hadithi za watoto, kwenye sarufi yake ya 1819 ndiye aliyeviita hivi vya -te "vitenzi dhaifu" na vile vya singen, sang, gesungen "vitenzi vyenye nguvu". Dhaifu kwa sababu haviwezi kujibadilisha vyenyewe ndani, vinahitaji msaada wa kiambishi.

#33 Nyali_Flani
Dhaifu kwa jina tu. Hivyo dhaifu ndo vinavyokula vingine. Uliopita wa backen (kuoka) ulikuwa buk, leo watu wanasema backte. Na kila neno jipya linaloingia linapelekwa upande wa dhaifu moja kwa moja: googeln ni gegoogelt, chatten ni du chattest, er chattet, na e yake ya t kama arbeiten! Hakuna anayekaa chini kuvitungia irabu za kubadilika.

#34 MsomiKivuli
Mara nyingi ndiyo. Ila fragen (kuuliza) ilitaka kutoroka, karne ya 19 waandishi wengi waliandika "frug" badala ya "fragte", halafu ikarudi yenyewe. Kwa hiyo barabara ina njia mbili.

#35 Kaskazini1
Kijana wa Mbagala alitaka kujua e ya arbeitest, sasa tuko na Grimm. Hii ndo raha ya humu.

#36 Dadake Rama
Kabla hatujalala, nisaidieni kitu. Kumwamuru mtoto mmoja ni "mach!", "lern!", tunakata tu. Lakini wanasema "warte!", "arbeite!", "öffne!" na e mwishoni. Hiyo nayo?

#37 Fundi Geji
Kanuni ile ile. Shina la t, d, na zile za öffn- na atm- zinabaki na e. Ulimi.

#38 Sista_wa_Bayern
Huku kwetu wazee wodini wananiambia "wart a bissl" (subiri kidogo) kutwa nzima, hamna e hata kidogo. Na ndimi wanazo.

#39 MsomiKivuli
😂😂 Fundi, jibu.

#40 Fundi Geji
Hiyo ni lahaja. Lahaja haihesabiki.

#41 Mwl_Mstaafu
Haihesabiki? Nenda Lamu ukawaambie hivyo.

#42 Pwani Mchuuzi
Jamani nimejaribu "Kaufen Sie?" leo. Mama mmoja kasimama akanijibu kwa sentensi ndefuuu sijaambulia kitu. Ile ya zamani walikuwa wanajibu kifupi. Nani anajua "sagte" na "gesagt" tofauti yake nini, maana amezitumia zote mbili?